Wanafaulu fizikia, kisha wanaiacha

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Kila mwaka kidato cha kwanza wananijia macho yakiwaka, mikono juu kabla sijamaliza swali. Ukifika wakati wa kuchagua michepuo, nabaki na kidarasa. Wanaofeli na kuondoka nawaelewa. Wanaoniumiza ni wale wanaofaulu na bado wanaondoka. Juzi msichana aliyeongoza mtihani wangu amenijia kuniambia anaacha fizikia. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu "tu". Mkuu wa shule anataka tuandae siku kubwa ya sayansi: tuite wahandisi, turushe roketi za maji, tutoe zawadi. Itasaidia? Na huyu binti nimwambie nini?

JIBU: Mwalimu, nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote nimekwama palepale, kwenye "tu". Mtoto aliyefeli ana sababu mkononi. Aliyegombana na mwalimu anayo pia. Anayejibu "tu" mara nyingi hana anachokuficha. Uamuzi wake haukufanyika siku moja. Ulijikusanya kidogo kidogo kama vumbi juu ya kabati, naye akaja kuukuta umeshafanyika. Mimi nilikuwa mhandisi wa umeme kabla ya kuhamia kwenye mafunzo ya walimu, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kukaa kiti cha nyuma katika madarasa ya sayansi, daftari mapajani, nikiandika nani kasema nini na nani kashika nini. Nitakueleza vumbi hilo nimeliona likitoka wapi.

Nianze na mpango wa mkuu wako, maana umejengwa juu ya dhana ambayo karibu kila mtu anayo: kwamba watoto wanaiacha sayansi kwa sababu haiwavutii, basi tuwavutie. Ukiangalia yaliyokusanywa na watafiti, mambo hayako hivyo. Mwaka 2009 Louise Archer na wenzake jijini London walianzisha mradi uitwao ASPIRES, wakawafuatilia watoto wa Uingereza kuanzia umri wa miaka 10. Walio wengi walisema wanajifunza mambo ya kuvutia katika vipindi vya sayansi, wazazi wao wanaithamini, na wanasayansi wanafanya kazi ya maana. Kisha wakaulizwa: je, ungependa kuwa mwanasayansi? Waliokubali walikuwa kama asilimia 15. Idadi hiyo ilibaki karibu vilevile kutoka miaka 10 hadi 14. Kwa hiyo hao wako wenye mikono juu hawakudanganyi, wanalipenda somo kweli. Siku ya roketi za maji inatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Kinachowasumbua kina sura nyingine. Watoto wale walikuwa wakisema, kwa namna mbalimbali, kwamba sayansi ni nzuri ila si ya watu kama mimi. Na "watu kama mimi" ni jambo ambalo mtoto hujifunza, tena mapema, bila mtu kumfundisha.

Kuna jaribio la zamani ambalo hata wewe unaweza kulifanya kesho: wape karatasi, waambie wachore mwanasayansi. David Wade Chambers alichapisha mwaka 1983 matokeo ya michoro ya watoto 4,807. Wanasayansi wanawake walikuwa 28, na wote 28 walichorwa na wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja aliyemchora mwanamke. Siku hizi hali ni nafuu. Mwaka 2018 David Miller na wenzake walikusanya tafiti za namna hiyo zilizofanywa Marekani kwa miongo mitano, wakakuta kwamba miaka ya karibuni takriban mchoro mmoja kati ya mitatu ni wa mwanamke. Lakini ndani ya matokeo hayo kuna jambo lililonikosesha usingizi kuliko yale 28. Msichana wa miaka 6 akimchora mwanasayansi, kwa kawaida anachora mwanamke, kama mara saba katika kumi. Akifika miaka 16 hesabu imepinduka, robo tatu ya michoro ya wasichana ni ya wanaume. Miaka kumi ya kwenda shule imepita hapo katikati.

Mwaka 2017 Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walionyesha kitu kinachoshabihiana na hicho. Watoto wa miaka 5, wavulana kwa wasichana, wakisimuliwa habari za mtu "mwenye akili sana, sana" humdhania kuwa wa jinsia yao. Miaka 6 na 7, wasichana wanaanza kusita. Na wakiletewa mchezo unaosemwa kuwa ni wa watoto wenye akili sana, wanaukwepa. Mchezo huohuo ukisemwa kuwa ni wa wanaojitahidi sana, hawaukwepi. Sasa jiulize ni mara ngapi katika chumba cha walimu, au mbele ya darasa, umesikia kwamba fizikia ni ya wenye vichwa. Tunalisema kwa fahari, kama kulisifu somo letu. Mtoto analisikia kama kibao mlangoni, na wavulana wasiojiamini nao wanakisoma kibao hichohicho.

Nikupeleke kwenye meza moja. Kipindi cha umeme, dakika 40, meza tano zenye wanafunzi wannewanne. Kila meza ina trei: betri mbili, balbu, swichi, ammita (kipima mkondo wa umeme) na nyaya. Trei ilipotua, mvulana mmoja aliivuta upande wake. Hakunyang'anya, aliivuta tu, kama mtu anayevuta kiti. Msichana aliyekaa mkabala naye akafungua daftari, akachora jedwali kwa rula, akasema, "Haya, sema." Nusu saa nzima aliandika namba anazosomewa. Mara moja mshale wa ammita ukarudi nyuma ya sifuri. Wavulana wakaanza kugongagonga kioo. Yeye, bila kuinua kichwa, akasema, "Mmegeuza nyaya." Wakazibadilisha, mshale ukapanda. Mwalimu akapita wakati huohuo, akaona balbu inawaka, akampiga mvulana begani: "Safi sana, fundi!" Akamtazama msichana. "Mwandiko mzuri."

Mwalimu yule alikuwa mwanamke, na ni mmoja wa walimu bora niliowahi kuwaona. Nilipomwonyesha nilichoandika alikaa kimya, halafu akaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika, maana saa ilikuwa pembeni. Kwa kipindi chote msichana yule hakugusa waya hata mmoja, na hitilafu pekee ya siku ile aliigundua yeye. Kesho yake mwalimu alitangaza kanuni ndogo: kila baada ya dakika kumi, anayeandika anashika vifaa na anayeshika anaandika. Mwanzoni walinung'unika sana, hasa wavulana, ila na wasichana wawili watatu waliokuwa wamezoea usalama wa daftari.

Chanzo kingine cha vumbi ni namna tunavyoyapokea maswali. Hapa sina mfano bora kuliko wa Erasto Mpemba, nawe huenda unawasimulia wanafunzi wako kisa chake. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Tanganyika, aliona kuwa maziwa ya aiskrimu aliyoyatia kwenye friza yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa hayajachemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Jibu la mwalimu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Toka siku hiyo kila alipokosea hesabu aliambiwa ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaokota msemo huo. Tunachokikumbuka wengi ni mwisho wake mwema: Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifika shuleni kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza swali lilelile, wenzake wakamcheka, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Mimi hukitazama zaidi kile alichokifanya Osborne siku ile. Hakuwa na jibu, na swali lenyewe lilimtia shaka. Alichoahidi ni kwamba atakwenda kujaribu, na kweli alimpa kazi hiyo fundi wa maabara yake. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi! Hicho kichekesho Osborne mwenyewe ndiye aliyekisimulia. Na hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo, wapo waliorudia vipimo wakalikosa. Kwa darasa lako ubishi huo hauna uzito sana. Uzito uko kwa wale wenzake waliokuwa wamekaa darasani wakati mwenzao anaitwa mwenye fizikia yake peke yake. Mpemba alikuwa king'ang'anizi, akauliza mara tatu kwa watu watatu. Wengi wetu huuliza mara moja.

Kuna kipimo rahisi ambacho huwapa walimu wote ninaowafundisha. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alirekodi vipindi vya sayansi akapima mwalimu anangoja muda gani baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja, kisha anamchagua mtu au anajibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa hawasemi kitu wakaanza kusema. Sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu ajabu, unahisi kama umesahau jina lako. Jirekodi kwa simu kipindi kimoja tu, usikilize peke yako ukiwa umefunga mlango. Unasema mikono ya kidato cha kwanza iko juu kabla hujamaliza swali. Nina shaka, na unisamehe, kwamba ni mikono ileile sita au saba, na kwamba wengine walishajifunza kuwa hapa anayeshinda ni mwepesi. Fizikia si mbio za meta mia, lakini vipindi vyetu vingi vinaendeshwa hivyo, na mtu wa kufikiri polepole anahitimisha kwamba hana akili ya somo hili.

Chuo kimoja cha Marekani, Harvey Mudd, kiliwahi kukabiliana na jambo la namna hii katika kompyuta. Takriban mwaka 2006 wanawake walikuwa kama asilimia 10 tu ya waliochagua fani hiyo. Walilirekebisha somo la kwanza. Wageni kabisa wakapangiwa darasa lao, tofauti na wale waliofika wakijua kuandika programu tangu nyumbani, na mazoezi yakahusishwa na matatizo halisi ya sayansi nyingine. Pia wasichana wa mwaka wa kwanza walipelekwa kwenye mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta wakawaone wenzao. Miaka michache baadaye wanawake walikuwa karibu asilimia 40. Kigezo cha kuhitimu hakikushushwa. Kilichoondolewa ni ile hali ya mgeni kukaa jirani na kijana anayetupa maneno ya kitaalamu, akadhani yule ana kipaji kumbe ana miaka mitatu ya mazoezi.

Sasa nije kwa wanaofaulu na kuondoka, maana ndilo uliloniuliza hasa.

Sehemu ya jibu haitakupendeza: wengine wanaondoka kwa sababu wanaweza. Mwaka 2013 Ming-Te Wang, Jacquelynne Eccles na Sarah Kenny walitoa matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani 1,490 toka sekondari hadi miaka yao ya thelathini. Waliokuwa hodari wa hisabati na wa wastani katika lugha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuishia kwenye sayansi na uhandisi kuliko waliokuwa hodari wa yote mawili. Na kundi la hodari wa yote lilikuwa na wasichana wengi kuliko wavulana. Mvulana wako mwenye 85 ya fizikia na 55 ya fasihi ana mlango mmoja uliofunguka. Msichana mwenye 88 na 92 anayo milango yote, na anachagua.

Lakini huwa anachagua kwa mizani yenye kasoro. Herbert Marsh aliligundua hili miaka ya 1980: mtoto hajipimi kwa wenzake tu, hujipima pia somo kwa somo ndani ya nafsi yake. Mwenye 88 ya fizikia na 92 ya lugha hasemi "niko vizuri kote". Anasema "mimi ni mtu wa lugha". Alama iliyo ya kwanza darasani kwako, kwake ni ya pili. Je, kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba 88 yake ndiyo kubwa kuliko zote za fizikia darasani? Walimu tunadhani wanajua. Tunabandika matokeo ukutani tukaamini karatasi imeshasema.

Kisha kuna pazia lililoning'inizwa mbele ya uhandisi wenyewe. Baiolojia ni somo, kemia ni somo, uhandisi haupo kwenye ratiba. Mtoto amewaona walimu kila siku, daktari amemwona alipougua. Mhandisi wa maji hajamwona, ingawa asubuhi hii amefungua bomba. Katika mitihani ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2018, vijana wa miaka 15 kutoka nchi nyingi waliulizwa wanatarajia kufanya kazi gani wakifika miaka 30. Asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitaja kazi kutoka kwenye orodha fupi ya kazi kumi tu. Dunia ina maelfu ya kazi! Mtoto hawezi kuchagua kitu kisicho na jina kichwani mwake. Uchunguzi uliofanywa Marekani na Alex Bell, Raj Chetty na wenzao, uliopitia rekodi za wavumbuzi zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba mtoto aliyekulia mahali penye wavumbuzi wa fani fulani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuvumbua katika fani hiyohiyo. Watoto wa matajiri wa asilimia moja ya juu walikuwa na uwezekano mara kumi zaidi wa kuwa wavumbuzi kuliko watoto wa familia zilizo chini ya kipato cha kati. Hisabati ya utotoni ilieleza sehemu ndogo tu ya pengo hilo.

La fedha nitalipitia haraka kwa kuwa huna mamlaka nalo. Masomo ya uhandisi ni marefu na ghali, na familia inayohesabu kila senti inaona hatari pale unapoona fursa. Kama mtoto ana ndugu aliyehitimu uhandisi na anakaa nyumbani bila kazi, hotuba zako zote hazitamshinda ndugu huyo. Usibishane naye. Mweleze kwa ukweli ni fani zipi zinaajiri na zipi zimejaa, na kama hujui, mtafute anayejua.

Palipo ndani ya uwezo wako, na panaposahauliwa sana, ni kwa wazazi. Judith Harackiewicz na wenzake waliwahi kuwatumia wazazi wa wanafunzi wa sekondari vijitabu viwili kwa posta, na baadaye wakawaelekeza kwenye tovuti, kuhusu faida za hisabati na sayansi maishani na namna ya kuzungumza na kijana juu ya jambo hilo. Familia zenyewe hazikufika mia mbili. Katika miaka miwili ya mwisho, watoto wa wazazi waliopata vijitabu walichukua masomo ya sayansi na hisabati yenye jumla ya karibu muhula mmoja zaidi ya wenzao. Karatasi, bahasha na stempu, basi! Ukiniuliza kiasi kidogo cha fedha kiende wapi, kiende huko kabla ya roketi. Mzazi wa binti yako huenda hajawahi kusikia neno lolote kutoka kwako isipokuwa kwenye ripoti ya mwisho wa muhula.

Umri nao usikukatishe tamaa. Ni kweli mambo mengi huamuliwa mapema. Robert Tai na wenzake, mwaka 2006, walionyesha kwamba vijana wa Marekani waliokuwa wakitarajia kazi ya sayansi wakiwa na miaka kama 13 walikuwa na uwezekano mara 3.4 zaidi wa kupata shahada ya fizikia, kemia au uhandisi kuliko wasiotarajia. Mwanafunzi wa wastani katika hisabati mwenye matarajio hayo alimzidi mwenye hisabati ya juu asiye nayo. Kwa hiyo kidato cha kwanza chako ni cha thamani kuliko unavyodhani, na mwalimu bora wa shule asipewe wale wa mwisho tu kwa sababu ya mtihani.

Ila hata mwishoni mlango haujafungwa, na hapa narudi kwa mkuu wako. Ule mpango wa kuwaita wahandisi usiutupe, utenganishe na roketi. Huko Ufaransa, Thomas Breda na wenzake waliwapeleka wanasayansi wanawake 56 kwenye shule za sekondari za eneo la Paris, kwa ziara ya saa moja darasani, madarasa yakiwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa wasichana wa mwaka wa mwisho, sehemu yao iliyoingia kwenye masomo ya sayansi yenye ushindani mkubwa ilipanda kutoka asilimia 11 hivi hadi karibu 14.5. Kwa saa moja, hiyo si haba. Waliobadilika zaidi walikuwa wasichana hodari wa hisabati, yaani wenzake huyo binti. Na wageni waliofaulu zaidi ni wale walioeleza kazi yao ilivyo, inavyopendeza na inavyolipa. Waliosisitiza mno kwamba wanawake ni wachache katika sayansi hawakupata matokeo mazuri hivyo. Ukimwambia msichana mara kumi kwamba chumba hakina watu kama yeye, umemchorea mchoro uleule wa Chambers.

Basi ningekuwa wewe ningemwambia mkuu hivi: badala ya siku moja kubwa yenye wageni kumi kwenye jukwaa, tupate wageni sita kwa mwaka, mmoja mmoja, darasani kwangu, saa moja kila mmoja. Wawe vijana, waliomaliza shule miaka mitano au kumi iliyopita, na awemo aliyewahi kufeli mtihani wa fizikia. Waje na vitu vya kazi yao, kama ramani, kifaa kilichoungua au picha ya walichokifanya Jumanne iliyopita. Nimeshuhudia mhandisi mashuhuri akiongea dakika 50 juu ya tuzo zake, watoto wakapiga makofi na kutoka jinsi walivyoingia. Nimeshuhudia pia fundi sanifu wa mitambo akitoa mfukoni beringi iliyokatika, akaipitisha mkono kwa mkono, akauliza, "Unadhani imekatikia wapi kwanza?" Kengele ililia wakabaki wamemzunguka.

Sasa huyu binti. Usimshawishi kwanza, kwa kuwa bado hujui unashindana na nini. Mwite pasipo na watu, usimwite mbele ya meza yenye rundo la madaftari kama anayeadhibiwa. Mwambie jambo moja ambalo pengine hajawahi kuambiwa kwa maneno: kwamba aliongoza, na ni katika swali gani hasa uliona anavyofikiri. Mtajie swali lenyewe. "Una akili" haitamsaidia, itamtisha zaidi. "Katika lile swali la mteremko ulichora nguvu zote kabla ya kugusa namba, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo" ni kitu anachoweza kwenda nacho nyumbani.

Halafu muulize maswali mawili na ungoje zile sekunde tatu, hata kumi. La kwanza: mtu wa fizikia au mhandisi, unadhani siku yake inakwendaje toka asubuhi hadi jioni? Sikiliza kama kuna mtu ndani ya jibu hilo, na kama mtu huyo anafanana naye hata kidogo. La pili: unachokwenda kusoma badala yake, kinakupendezea nini? Akijibu la pili macho yakimwaka, akakueleza sheria au uchumi au lugha kwa shauku, mpe mkono na umwache aende. Hujampoteza mtu, na asiondoke akihisi amekusaliti. Akilijibu kwa "tu" nyingine, hapo ndipo pa kumwomba asiamue wiki hii, akutane kwanza na mmoja wa wale wageni sita, na umpigie simu mzazi wake jioni hiyohiyo. Kwenye kipindi kijacho cha vitendo trei ianzie kwake.

Ukishaongea naye, niandikie alivyosema siku ya mhandisi inavyokwenda. Majibu hayo huwa nayahifadhi.